Bila Jina, Kisu Hakitoki

Siku niliyomjua Papa Ildephonse nilikuwa na mbuzi kwenye kamba na sikuwa na subira. Ubatizo wa binti yangu Charlotte ulikuwa kesho yake, na wageni kutoka Rugenge walikuwa wamekwisha kuanza kupita mbele ya nyumba yetu Kasenga, hapa Uvira, wakisalimia kwa sauti ya watu wanaotaka kujua kama sufuria iko motoni. Nikamvuta mbuzi hadi machinjioni, kule chini karibu na ziwa, nikamnyoshea mchinjaji kamba.

"Papa, nyama yangu hii hapa. Fanya mbio."

Hakuipokea kamba. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama, macho mekundu kama mtu aliyeamka kabla ya jogoo wa watu wote.

"Nyama sijaiona, mama," akasema. "Yenye naona inahema."

Mtu wa mbali hataelewa kwa nini nilikasirika, kwa hiyo nieleze. Kwetu huku neno ni moja. Mnyama anayekimbia ni nyama, na kilichomo ndani ya sufuria ni nyama. Mwindaji akikwambia ameona nyama, huwezi kujua kama alimwona porini au sahanini kwa jirani. Sote tunasema hivyo, na hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Lakini ndani ya ukuta ule, kwa Papa Ildephonse, chenye pumzi hakikuitwa nyama. Kisu kilikuwa chake, na asiyependa angeweza kwenda kuchinja kwa meno.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

"Nani?"

"Huyu mbuzi."

"Mbuzi iko na jina?"

"Basi umupatie. Bila jina, kisu hakitoki."

Nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga, jua linapanda, na mmoja akasema, "Mama, taja hata jina ya adui wako, siye tunaungua." Jina lililokuwa karibu zaidi na ulimi wangu siku ile lilikuwa la mama mkwe. Nikasema, "Bernardine."

Akaitika kwa kichwa bila kucheka. Akaniambia nimfunike mbuzi macho kwa mkono wangu mwenyewe, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya pili: mwenye mali ndiye anayefunika macho, asiache mtu mwingine ambebee. Nikafunika. Kope zilichezacheza ndani ya kiganja changu kama panzi uliyemfumba mkononi. Papa Ildephonse akajifanyia ishara ya msalaba na kusema polepole, "Bernardine, kiumbe cha Mungu, tuna njaa. Utusamehe." Sikuona kisu kilivyopita. Alikuwa mwepesi, hakumtesa mnyama.

Mama mkwe alikula vizuri sana kesho yake. Akaomba aongezewe. Alipokuja kusikia habari ya lile jina, maana midomo ya machinjioni haina kifuniko, alikaa bila kunisemesha mpaka Charlotte akaota meno.

Baadaye nilianza kuuza matumbo, ndipo nikawa mtu wa pale kila asubuhi, na beseni langu chini ya ukuta. Nikamjua Papa Ildephonse kwa muda mrefu, naye akawa jirani yangu Kasenga, nyumba yake nyuma ya yangu. Kwa hiyo ninayoandika sikuyapata kwa watu wa njiani.

Alizaliwa kandokando ya ziwa, mtoto wa mvuvi, lakini maji yalimkataa. Akiingia ndani ya mtumbwi anatapika mpaka ndakala, vile visamaki vya ziwa, wanapata chakula. Baba yake akaona aibu, akamwacha aende kutafuta kazi kwa Wazungu kule uwandani, kwenye pamba na kwenye barabara. Huko walimvisha kibati shingoni chenye namba. Asubuhi msimamizi anasoma namba, mwenye namba anaitika. Akiugua, namba imeugua. Akikimbia, namba imekimbia. Jina lake lilitamkwa Jumapili tu, wakati katekista alipowapanga kwenda kupokea komunyo. "Juma nzima nilikuwa mbuzi," alinisimulia. "Siku ya Mungu nakuwa Ildephonse. Lakini Mungu aliniumba siku gani? Ya saba alikuwa anapumzika."

Yule katekista, mzee mwenye koti moja, ndiye aliyempa wazo ambalo alilibeba hadi mwisho. Aliwafundisha habari za bustani ya kwanza, akawauliza: kazi ya kwanza ambayo Mungu alimpa mtu ilikuwa kazi gani? Wengine wakasema kulima. Wengine wakasema kuoa. Mzee akasema hapana. Mungu alimletea mtu wanyama mmoja mmoja na kumwambia awaite majina. Kuchinja kulikuja baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika. Na pumzi iliyo ndani ya mbuzi na iliyo ndani yako, akasema mzee, hazikutoka kwa mafundi wawili.

Ildephonse akalishika hilo. Halafu, kwa sababu dunia haina haya, kazi aliyopewa alipotoka kwenye barabara ikawa ya kuchinja.

Hapo ndipo wengi hawakumwelewa. Padri mwenyewe alimwita mara moja na kumwambia, "Ildephonse, wanyama hawabatizwi." Akajibu, "Sibatizi, Padri. Naomba ruhusa tu." Wengine walimwita padri wa mbuzi. Minye mwenyewe nilimwuliza kwa nini asiache kazi kama inamwuma hivyo, aende auze chumvi au aloweke mihogo kama watu.

"Nikiacha, atakuja nani?" akasema. "Atakuja mwenye hataki kuuliza."

Nimeona wachinjaji wengine. Wamezoea, hawachoki, wanapiga mluzi. Papa Ildephonse alikataa kuzoea, na mtu anayekataa kuzoea huchoka kila siku upya. Nilikuwa nikimwona saa za mchana ameketi kwenye ukingo wa mfereji, mikono imening'inia katikati ya magoti. Nikimpa chai anasema asante, na chai inapoa. Ukimwambia pole, anasema, "Pole ni ya wale wamekwenda."

Kulikuwa na wawili ambao lazima niwataje, maana bila hao hakuna habari.

Wa kwanza ni Hagenimana, mfugaji wa milimani, kutoka kule juu kabisa ambako ukungu unalala na ng'ombe. Alikuwa anashuka na ng'ombe wa kuuza, fimbo begani, kofia haitoki kichwani hata mvua ikinyesha ndani yake. Mprotestanti wa kuimba. Yeye na Papa Ildephonse walikuwa wakigombana tangu salamu.

"Weye muntu wa ziwa, unajua nini ya ng'ombe? Weye ujue ndakala."

"Na ninyi mukiimba usiku kucha, ng'ombe watalala saa ngapi?"

"Siye tunaimba. Ninyi munapigia sanamu magoti."

"Sanamu haigombani na minye. Leta ng'ombe."

Lakini huyo hakuhitaji kufundishwa sheria ya jina. Ng'ombe wake wote walikuwa na majina kabla ya kujua kusimama, na si jina tu. Hagenimana alikuwa anafunika macho ya ng'ombe na kuanza: huyu ni Bihogo, mama yake ni fulani, yule aliyevuka mto umejaa, bibi yake ni fulani, yule ambaye maziwa yake yalimponya mtoto. Sisi wengine tulikuwa tunaungua kwenye foleni. Papa Ildephonse alisimama na kisu chini, akisikiliza ukoo wa ng'ombe kama mtu aliye kanisani, na hakumkatiza hata siku moja.

Wa pili ni Mathieu wa Nyamianda, mnunuzi wa ngozi. Alikuwa anazipaka chumvi na kuzianika, kwa hiyo mikono yake ilikuwa myeupe siku zote, imepasuka, na harufu yake ilitangulia mlangoni. Mcheshi. Alikuwa anamwambia Papa Ildephonse, "Padri, hii ngozi haijapata komunyo." Na siku ambazo foleni ilikuwa ndefu na ngozi ni chache, yeye mwenyewe alikuwa anasimama mlangoni na kuwauliza watu kabla hawajaingia: "Anaitwa nani? Anaitwa nani? Mwenye hana jina arudi kwao." Alikuwa anafanya mchezo. Lakini ukichezea kitu kila siku, nacho kinakuingia.

Uhuru ulikuja, na ulikuja na njaa ya nyama. Sikumbuki kama tuliwahi kuchinja vile. Kila mkubwa mpya alitaka sherehe, kila mkubwa aliyemwondoa naye alitaka yake. Papa Ildephonse alisema serikali zinabadilisha bendera lakini tumbo linabaki la zamani. Halafu malori yakaanza kupungua. Ngozi za Mathieu zikalala, zikaota funza, hakuna wa kuzichukua. Akaacha kucheka. Alikuwa anakaa juu ya lundo lile akitazama barabara ya uwandani, na siku moja hakuonekana tena.

Alirudi na waasi.

Walipoingia Uvira, wakubwa walikuwa wamekwisha kukimbia, wengine na gari, wengine na mtumbwi, mmoja na baiskeli ya mwalimu. Wale vijana walikuwa wamejifunga ngozi za wanyama kichwani. Nilimtambua Mathieu kwa mikono yake, maana uso ulikuwa umebadilika. Sasa aliitwa Komanda. Walikuwa wamemwagiwa maji ya dawa ili risasi ziyeyuke, na dawa ile ilikuwa na makatazo mengi kuliko amri za kanisa. Usitazame nyuma. Usimguse mtu ambaye hakumwagiwa maji, hata kumpa mkono. Usile kilichopikwa na mwanamke. Hilo la mwisho lilitupumzisha kidogo, sisi wanawake.

Walitaka nyama kila siku. Papa Ildephonse aliwachinjia kama alivyowachinjia wote, akiuliza majina. Wale vijana walicheka mwanzoni. Halafu wakaanza kutaja majina ya dada zao, ya wachumba, ya walimu waliowachapa. Kijana mmoja alitaja jina la mama yake, akafunika macho ya kondoo, akalia, wenzake wakamficha.

Sasa, wale waasi walikuwa wameanza kuchukua ng'ombe wa watu wa milimani kwa nguvu, na watu wa milimani walikuwa wameanza kukataa. Asubuhi moja wakashusha kundi zima. Lilipita katikati ya mji, vumbi, ng'ombe wanalia kwa sababu hawakukamuliwa. Nilikuwa chini ya ukuta na beseni langu. Nikawatambua wale ng'ombe kwa pembe. Nyuma yao, amenaswa mikono kwa kitanzi cha kamba ileile ya ng'ombe, alikuwa Hagenimana. Kofia haikuwapo. Sikuwahi kujua kwamba ana mvi.

Wakamwingiza machinjioni pamoja na ng'ombe, wakimvuta kwa kamba bila kumgusa, na kuifunga kamba kwenye nguzo ambayo tulikuwa tunafungia mafahali. Mathieu akaingia mwisho.

"Papa Ildephonse," akasema, "leo iko kazi mingi. Anza na hii."

Akaonyesha kwa kidevu. Papa Ildephonse akatazama nguzo. Akatazama ng'ombe. Akamrudia Mathieu.

"Anza na ipi?"

"Hii. Hii nyama ya milimani. Inapelekea askari habari zetu. Weye ndiye mwenye kisu."

Nilishika beseni langu kwa mikono miwili.

Papa Ildephonse hakupaza sauti wala hakupiga magoti. Watu wanaosimulia habari hii siku hizi wanamfanya asimame wima na kuhubiri. Hakuhubiri. Alikuwa amechoka kuliko siku zote nilizomwona. Alifanya tu kile alichokuwa anafanya kila asubuhi, kwa sauti ileile ya kuchoka.

"Anaitwa nani?" akasema.

Na Mathieu, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango ule miaka yote akiuliza swali hilohilo, akajibu kabla hajafikiri. Ulimi ulijua njia.

"Hagenimana."

Akasikia alichosema. Sisi pia tulisikia. Kwa lugha ya kule juu jina hilo si sauti tu, ni sentensi nzima. Linasema: Mungu ndiye anayekata shauri. Hakuna mtu wa Uvira asiyejua maana yake.

"Vizuri," akasema Papa Ildephonse. "Sasa umufunike macho."

"Fanya kazi, mzee."

"Kazi ndiyo hiyo. Mwenyewe anafunika. Weye ndiye umemuleta, weye ndiye mwenyewe. Unajua sheria."

"Dawa inanikataza kugusa muntu mwenye hakumwagiwa maji."

Papa Ildephonse akamtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

"Mathieu, mwanangu," akasema, "minye nimechoka, usinizungushe. Kama iko nyama, dawa haikatazi. Juzi ulishika kondoo. Umushike na huyu. Kama dawa inakataza, basi iko muntu, na minye sichinji bantu."

Wale vijana walimgeukia Komanda wao. Walitaka kujua, kwa kweli. Ilikuwa habari ya dawa, na dawa ndiyo iliyokuwa inasimama kati yao na risasi. Mathieu akaona wanamtazama. Akamsogelea Hagenimana, akainua mkono, ule mkono mweupe, akaupeleka usoni pake. Ulifika karibu kabisa. Hagenimana hakufumba macho. Akavuta pumzi puani, akakunja uso kama alivyokuwa anafanya siku za foleni.

"Ingali inanuka chumvi," akasema.

Mkono ukabaki hewani. Nilikuwa nikiutazama huo mkono tu. Vidole vilijikunja, vikakunjuka. Halafu Mathieu akaurudisha na kuupangusa kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Mutoe hii hapa," akawaambia vijana. Wakasita. Akasema tena, na sauti haikuwa ya Komanda, ilikuwa ya Mathieu wa ngozi: "Mumutoe huyu muntu. Amekonda. Hana faida."

Alianza na "hii" na akamaliza na "huyu". Siku ile mtu mzima, bila kofia yake, aliokoka ndani ya nafasi iliyo kati ya maneno hayo mawili.

Ningependa kuishia hapo, lakini ng'ombe walikuwa bado wamesimama. Mathieu akasema ng'ombe wanabaki, vijana wana njaa. Wakamkatia Hagenimana kamba. Papa Ildephonse akamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda, ndugu yangu. Pitia njia ya mtoni, usigeuke."

"Na nani atawafunikia macho?"

"Nitafunika minye."

"Weye unajua ndakala."

Akabaki. Akamwendea wa kwanza, akamfunika macho kwa mikono ambayo kamba ilikuwa imeichuna, na akaanza: huyu ni fulani, mama yake ni fulani. Akawapitia wote hivyo. Hakuacha jina, hakuacha bibi wala mto uliovukwa. Papa Ildephonse alisimama kila mara, kisu chini, mpaka ukoo uishe, ndipo anasema, "Kiumbe cha Mungu, utusamehe." Wale vijana walikuwa na bunduki na njaa, na hakuna hata mmoja wao aliyewaambia wazee hao waharakishe. Jua lilipanda, likapita kichwani. Wengine wakakaa chini. Mathieu alisimama mlangoni akiwapa mgongo, na mgongo wake haukutikisika.

Ilipokwisha, Hagenimana alitoka bila kuaga na kushika njia ya mlima na fimbo ya kuokota, ambayo haikuwa na wa kuchunga. Papa Ildephonse akaketi kwenye mfereji. Alijaribu kuweka kisu chini, vidole vikakataa kufunguka. Nilivifungua minye, kimoja kimoja, na kumwosha mkono ndani ya beseni langu la matumbo, kwa sababu hakukuwa na jingine.

"Tumemwokoa," nikamwambia.

"Tumewaua wengi, Mama Charlotte," akasema. "Usihesabu mmoja tu."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu ni mtu na ng'ombe ni ng'ombe, na yeye alijua hivyo kuliko minye, maana ndiye aliyekuwa amekataa. Lakini hakuwa anasema viko sawa. Alikuwa anasema tu kwamba hakuna aliyekuwa bure.

Askari wa serikali walirudi baadaye, na wao pia walitaka nyama. Mtu mmoja, simtaji, alisema kwamba Papa Ildephonse aliwalisha waasi. Wakamwuliza. Akasema, "Niliwachinjia ng'ombe. Na ninyi nitawachinjia." Wakaona ni jeuri, wakampiga mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Ulipona umepinda. Kisu kikaenda kwa mwingine, kijana hodari, anayepiga mluzi. Haulizi majina.

Mathieu aliondoka na wenzake. Wengine wanasema alivuka ziwa, wengine wanasema alibaki msituni. Kila Jumapili, Padri akitoa nafasi ya kutaja tunaowaombea, Papa Ildephonse alikuwa anasimama polepole na kusema, "Mathieu." Siku moja tukiwa njiani kurudi nikamwambia inatosha, kanisa lina wagonjwa na mayatima, kwa nini anampa nafasi muntu yule.

"Labda anahema," akasema.

"Na kama anahema?"

"Kama anahema iko na jina. Sasa weye unataka nifanye nini, niseme 'yule'?"

Njia za mlimani zilichukua muda mrefu kutulia. Tulikuwa hatujui kama Hagenimana alifika kwao. Halafu siku moja ya mchana, niko uani napepeta mchele, nikasikia mtu anagombana na mbwa wangu kwa Kinyamulenge, lugha ya kule milimani. Alikuwa yeye, kofia mpya, miguu myembamba zaidi, na nyuma yake kamba, na mwisho wa kamba ndama jike, mwekundu, masikio makubwa, anaogopa kuku.

Papa Ildephonse alikuwa amelala kwenye mkeka, kivulini. Akainuka kwa kiwiko cha mkono mzima. Akamwona ndama, na uso wake ukasawijika. Nililiona hilo wazi. Alidhani mambo yameanza tena.

"Minye sichinji tena, ndugu," akasema. "Mkono umekufa."

"Nani amesema kuchinja? Muntu wa ziwa, unaona ndama, unawaza kisu. Huyu ni wako. Anakaa. Atakupa maziwa."

Papa Ildephonse akamtazama yule ndama muda mrefu. Kwa mazoea ya maisha yake yote, akauliza:

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Ng'ombe wako hana jina?"

"Si wangu, nimekuambia ni wako. Mwenyewe ndiye anamupa. Miaka yote ulituuliza siye. Leo, minye ndiye nauliza. Unamuita nani?"

Papa Ildephonse alikuwa amesikia majina ya wanyama wote wa Uvira, ya mama wakwe na walimu na wachumba, na hakuna hata moja alilolitoa yeye. Ndama akamsogelea na kumlamba ule mkono uliopinda, akitafuta chumvi.

"Nauliza," akasema Hagenimana. "Foleni iko inaungua."

Papa Ildephonse akajilaza tena kwenye mkeka.

"Nimechoka, bwana. Uniache."

Hagenimana akafikiri. Kwao jina ni sentensi, na yeye mwenyewe anaitwa sentensi, kwa hiyo hakuona ajabu. Akamwekea ndama mkono juu ya macho, akauondoa, akasema kwa sauti ya kutangaza:

"Nimechoka. Ni jina zuri. Binti ya Gaju, mwenye alibaki mulimani, mujukuu wa ile ilivuka mto umejaa."

"Si jina nimesema," akalalamika Papa Ildephonse.

"Umesema. Mama huyu ni shahidi."

Nilikuwa shahidi, sikuweza kukana. Na Papa Ildephonse, ambaye sikumwona akicheka tangu siku zile za dawa, alijifunika uso kwa mkono wake mbovu, na mabega yakatikisika juu ya mkeka kwa muda.

Alikufa mvua za mwaka uliofuata, akiwa usingizini. Ng'ombe yule yuko kwangu. Amezaa, ana maziwa mengi, na ana kichwa kigumu cha watu wa milimani. Jioni mimi na Charlotte tunasimama njiani kumwita arudi kutoka kandokando ya ziwa. Wapita njia wa Kasenga wanatusikia, mama na binti, tunapaza sauti: Nimechoka, Nimechoka. Wengine wanatujibu kwamba hata wao. Naye anainua kichwa, anatafuna kwanza, halafu anakuja.